Breki nyepesi, nyepesi kwa nani?

Wanaonifahamu wanaijua ile kinga yangu nyekundu. (Kwa wasomaji wa mbali: kinga ni baiskeli, kwetu Katanga njo jina lake.) Niliiunga kipande kwa kipande kwa miezi 14. Fremu ya alumini niliipata kwa mtumba Lubumbashi, magurudumu yaliletwa na binamu aliyerudi kutoka Ubelgiji, na cheni nilibadilishana na saa yangu ya mkono. Kitu kimoja tu nilikinunua kipya, tena kwa roho yote: breki. Dola 95 kwa jozi. Leo nataka kuzihukumu zile breki, vile watu wanahukumu kitabu ao filamu, maana naona vijana wengi wa Likasi wanajiandaa kupita njia ile ile niliyopita mimi.

Nianze na uzuri wake, nisionekane mwenye kinyongo. Zilikuwa nyeusi, nyembamba, zimetobolewa matundu kila mahali ambapo chuma kinaweza kutobolewa, na skrubu zake za titani. Tuliziweka kwenye mizani ya jikoni ya shangazi: gramu 198, ya mbele na ya nyuma pamoja. Breki za Shimano 105 za kizazi cha R7000, zile zinazofungwa sana kwenye kinga za mbio za bei ya katikati, ni karibu gramu 380. Niliokoa basi gramu 180 hivi. Kwenye kundi letu la Jumapili, sisi tunaopanda njia ya Kambove asubuhi kabla ya malori kuwa mengi, hakuna aliyeniuliza kama zinasimamisha. Waliuliza zina gramu ngapi. Nami nikajibu kwa sauti ya mtu anayetaja maksi zake za mtihani wa taifa.

Mvula ilijibu vingine. Ilikuwa mwezi wa 11, mvula za kwanza, lile vumbi la miezi yote ya kiangazi limegeuka utelezi. Likasi ni mji wa vilima, huwezi kurudi nyumbani bila kushuka mahali. Niko nashuka, kasi si ya kutisha, tuseme kilometa 40 kwa saa, mbele yangu lori la madini limesimama kwenye kivuko cha reli. Nikavuta breki zote mbili. Vishikio vikaja, vikaja, vikagusa usukani. Kinga ilikuwa bado inaenda. Nikachagua mtaro. Goti na kiwiko vilichunika, kinga yenyewe haikupata kitu. Dereva wa lori hata hakuniona, reli ilipofunguka akaondoka zake.

Siku ya pili nikaipeleka kwa papa mmoja fundi kule Kikula, anatengeneza kinga za wauza makala tangu mimi sijazaliwa. Akavuta kishikio mara moja, akainama, akavuta tena akiangalia. Akaniita nione. Yale makoleo ya breki, ile mikono miwili inayobana janti, kila akivuta yalikuwa yanajipinda. Raba zimekwisha kushika janti, lakini chuma chenyewe kinaendelea kufunguka kidogo, kinameza nguvu ya vidole.

«Mwana, hii freni ni ya kusimamisha ao ni ya kuonyesha?»

«Papa, ni nyepesi.»

«Nyepesi kwa nani?»

Sikuwa na jibu. Nimetembea na lile swali miezi mitatu sasa, na nadhani lugha yetu yenyewe inalijua jibu kuliko maduka ya vipuri. Kwa Kiswahili kitu chepesi ni kile kisicho na uzito, sawa. Lakini kazi nyepesi ni ile isiyochosha, na mtu mwepesi ni yule anayefanya upesi. Breki basi inaweza kuwa nyepesi mara tatu: kwa mizani, kwa kidole kinachoivuta, na kwa namna inavyomaliza mwendo. Wauzaji wanapenda wepesi wa kwanza kwa sababu ndio peke yake wenye namba ya kuandika kwenye boksi. Wa pili na wa tatu lazima ushuke mlima ndipo uujue.

Tufanye hesabu ya wepesi wa kwanza, maana wengi wetu hapa tumesoma fizikia na tunaisahau tukifika dukani. Mimi nina kilo 75, kinga ina kilo 9, jumla 84. Gramu 180 ni kama 0.2 kwa mia ya uzito huo. Kwenye mlima unaonichukua dakika 20, ule wepesi unanipa faida isiyofika sekunde 3. Sekunde 3! Maji ninayobeba kwenye chupa yana uzito mara tatu na zaidi ya zile gramu, na hakuna mtu amewahi kunicheka kwa sababu ya kiu.

Sasa upande wa kushuka. Nikishuka mteremko wenye kimo cha mita 50 bila kuongeza kasi, breki zinapaswa kumeza joule karibu 41,000. Hiyo ni nishati ya kuchemsha maji ya kikombe kidogo cha chai, kutoka ubaridi mpaka yatokote. Yote inapita kwenye raba nne, kila moja ndogo kuliko kidole gumba, halafu inaingia kwenye janti. Kipande cha chuma chenye kazi kama hiyo, sisi tunakitoboa matundu ili kipungue gramu. Mtu akitoboa nguzo za nyumba yake tutamwita nani?

Na hesabu ya kusimama yenyewe. Kwa breki ya mbele iliyo nzima, barabara kavu, kinga inaweza kupunguza mwendo kwa karibu nusu ya nguvu ya uvutano. Ukizidi sana pale, gurudumu la nyuma linainuka na unaruka juu ya usukani. Toka kilometa 40 kwa saa, nusu ile inakupa kama mita 13 za kusimama. Breki ya nyuma peke yake inafikia nusu ya uwezo huo hivi, kwa hiyo mita 25. Nawaandikia hii kwa sababu ndugu wengi wanaogopa breki ya mbele, wanavuta ya nyuma tu, halafu wanalaumu kinga. Breki ya mbele njo breki. Ile ya nyuma ni msaidizi.

Kuna watu watasema nina wivu na vitu vya kisasa. Hapana. Historia ya breki za mbio imejaa vitu vizuri vya macho vilivyoshindwa kazi, tena vya makampuni makubwa. Katikati ya miaka ya 1980 Campagnolo wa Italia walitoa breki inayoitwa Delta, yenye umbo la pembetatu, waya unaingia katikati na mitambo yote imefichwa ndani. Mpaka leo watu wanaikusanya na kuiweka kabatini. Lakini ilikuwa nzito kuliko breki za kawaida za wakati ule, ilisumbua mafundi kuirekebisha, na kwa kusimamisha haikuzishinda breki rahisi. Ile ilikosea kwa uzito, zangu zilikosea kwa wepesi, ila kosa ni moja: aliyeichora alimfikiria mtazamaji aliyesimama pembeni ya barabara, hakumfikiria mtu aliye juu ya kinga.

Kinyume chake ni breki ambazo hakuna anayezipigia picha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Shimano walieneza koleo lenye egemeo mbili, kila mkono na mahali pake pa kuzungukia. Hakuna kitu cha kusifia kwa macho pale. Lakini kidole kikivuta kidogo, raba inabana sana, na koleo halipindi ovyo. Huo njo wepesi wa pili, na karibu kila koleo la mbio lililofuata lilipita njia ile.

Halafu angalieni wakimbiaji wa kulipwa, wale ambao sekunde kwao ni mkate. Tangu mwaka 2000 sheria ya UCI inakataza kinga ya mashindano kuwa chini ya kilo 6.8. Breki za diski ziliruhusiwa moja kwa moja kwenye mbio za barabara mwaka 2018, na leo kundi karibu lote linazitumia, ingawa ni nzito kuliko makoleo ya janti. Najua, wenye viwanda nao walisukuma, walikuwa na kinga mpya za kuuza. Lakini mtu anayeshuka milima ya Alpes kwa kilometa 80 kwa saa na zaidi, kwenye mvula, hakulia sana alipoongezewa uzito ule.

Kwa sisi wa Likasi diski sizipendekezi, na sitakaa sana hapo: za mafuta zinataka vifaa vya kutoa hewa na mafuta ya aina yake, na raba zake ukizikosa huna cha kubadilisha. Fremu nyingi za mtumba hazina hata mahali pa kuzifunga.

Kitu kinachoniuma zaidi ni hiki. Sisi wa kundi la Jumapili tunahesabu gramu, na kwenye barabara ile ile tunapishana na watu ambao hawana breki kabisa. Mnawaona kila asubuhi. Kinga ya chuma ya Kichina ao ya Kihindi, magunia ya makala mpaka juu ya kichwa, na mwenyewe anasukuma kwa fimbo iliyofungwa kwenye usukani. Kinga zile zilitoka kiwandani na breki za vyuma, siyo waya: ukivuta kishikio, fimbo inainua kipande cha chuma chenye raba mbili mpaka ndani ya janti. Kwa mtu mmoja anayeenda kanisani polepole, wakati wa kiangazi, inatosha. Kwa mvula haitoshi, maana janti ya chuma ikilowa raba inateleza juu yake kama sabuni. Kwa magunia ya makala hata jua likiwaka haitoshi. Kwa hiyo wengi wanazitoa, wanauza vile vyuma ao wanavigeuza kuwa kitu kingine. Kwenye mteremko breki ni mgongo na visigino. Mwenye kupanda akiwa hana mzigo anakanyaga tairi kwa ndala.

Emmanuel Gras, Mfaransa, alimfuata Kabwita Kasongo akitengeneza makala na kuyasukuma kwa kinga mpaka Kolwezi, na filamu yake, Makala, ilipata tuzo kuu ya Semaine de la Critique kule Cannes mwaka 2017. Niliiona mara ya kwanza kama kila mtu, nikishangaa mzigo. Mara ya pili, baada ya ule mtaro wangu, niliiangalia kama fundi, nikitazama magurudumu, na nikaona haya. Filamu ni nzuri, na lawama yangu kwake ni ndogo: inatufanya tushangae sana nguvu ya mtu mpaka tunasahau kuuliza kwa nini kinga yake ni vile. Uvumilivu wa Kabwita unasifiwa pale ambapo kipuri cha dola chache kingepunguza taabu. Lakini labda hilo si swali la mtengeneza filamu. Ni swali letu sisi wenye diploma za mitambo.

Na msifikiri breki ya watu maskini ni lazima iwe mbaya. Kule Goma kuna chukudu, ile pikipiki ya mbao isiyo na mota inayobeba mizigo ya mamia ya kilo; mji uliijengea hata sanamu ya rangi ya dhahabu. Breki yake ni kipande cha tairi kuukuu juu ya gurudumu la nyuma: dereva anakikanyaga kwa mguu. Hakuna waya, hakuna skrubu. Ni nyepesi kuliko breki zangu za dola 95, na anayeivuta hatumii kidole, anatumia uzito wa mwili wake wote. Aliyeibuni alianza na swali la papa wa Kikula, nyepesi kwa nani, hata kama hakulisema kwa maneno.

Nirudi kwa kinga yangu. Nilinunua makoleo ya 105 ya mtumba, yamechubuka rangi, kwa dola 35. Kabla ya kutupa maneno nikapima. Barabara tambarare nyuma ya nyumba, kavu, mstari wa chaki, simu inaonyesha kasi, kilometa 30 kwa saa. Zile nyepesi na raba zake za asili: hatua 13 za kusimama. Nikaziwekea raba mpya nzuri za dola 8: hatua 11. Halafu makoleo ya 105 na raba zile zile mpya: hatua 8. Nilirudia mara tano kila moja. Siyo maabara, lakini inaonyesha kitu ambacho sikukitarajia: karibu nusu ya ubaya wa breki zangu ilikuwa raba. Mtu mwenye breki mbaya na dola 8 mfukoni aanze hapo. Na kila baada ya mvula atoe raba aziangalie, kwa sababu zinaokota vipande vidogo vya alumini na mchanga vinavyokula janti. Unavichokoa kwa ncha ya kisu, dakika mbili.

Wenye kutaka kununua koleo, pimeni kwanza. Toka kwenye tundu la skrubu ya breki mpaka katikati ya sehemu ya janti inayobanwa: makoleo ya kawaida ya mbio yanafika milimita 39 mpaka 49, ya mikono mirefu 47 mpaka 57. Fremu nyingi za zamani zinataka ndefu. Rafiki yangu alinunua fupi, raba zikagusa tairi, akazikata kwa kisu ziingie, sitasema zaidi.

Tena angalieni kishikio na koleo viwe vya ukoo mmoja. Vishikio vya Shimano vya miaka ya karibuni vinavuta waya mrefu kuliko vile vya zamani, na ukivifunga kwenye koleo la zamani unapoteza nguvu. Mbaya zaidi ni kuchanganya vishikio vya mbio na zile breki za mikono mirefu iliyosimama, za kinga za mlimani, zinazoitwa V. Zile zinataka waya mrefu karibu mara mbili. Utavuta mpaka usukani, na utakuwa mwenzangu wa mtaro.

Waya pia. Mrija wa waya ukikatwa vibaya, mdomo wake ukabaki umepinda, unabonyea kila ukivuta, na hakuna koleo la kukuokoa. Ukate sawa, uusugue kwa tupa, uweke kifuniko. Papa wa Kikula alinifanya nirudie mara tatu.

Na jambo dogo la ajabu la mitumba yetu: kinga zilizotoka Uingereza mara nyingi zina breki ya mbele kwenye mkono wa kulia, zilizotoka Ubelgiji mkono wa kushoto. Ukiazima kinga ya mtu, uliza kabla ya kushuka.

Haki itendeke: kuna breki nyepesi kweli zinazosimamisha kweli. Zile za Cane Creek zinazoitwa eebrake ni nyepesi kuliko 105 kwa mbali na zina sifa nzuri kwa ugumu wake. Lakini bei yake ni mamia ya dola, kwa sababu kupunguza chuma bila kupunguza ugumu ni kazi ya akili nyingi na mashine nzuri. Zangu zilipunguza chuma tu. Wepesi si kosa. Wepesi wa bei rahisi njo unanitia mashaka.

Sasa mdogo wangu ana miaka 15 na ameanza kuendesha kinga ile kwenda shule, Panda na kurudi. Wiki iliyopita akaniambia: «Yaya, zile nyeusi zilikuwa zinapendeza. Hizi zinakaa kama za muzee.» Nikampeleka kwenye mstari wa chaki. Akasimama kwa hatua 8, akageuka, hakusema kitu, lakini jioni nilimkuta anachokoa raba kwa ncha ya kisu.

Zile nyeusi zinaning'inia kwenye msumari chumbani. Kijana mmoja wa Kolwezi ameniandikia, anazitaka kwa dola 60, na pesa hiyo ningeihitaji sana mwezi huu. Nimemjibu nikimuuliza ana kilo ngapi, kwao kuna mteremko gani, na kama anataka nimtumie hesabu ya hatua 13. Bado hajajibu.